Kikaguzi kinasema 43. Kalenda ina makosa mangapi?

Msomaji wa Tanga ameuliza:

"Shikamoo fundi. Nimetengeneza tovuti ya shule ya sekondari kwa WordPress. Kwenye ukurasa wa ratiba ya muhula nimepachika Google Calendar kwa iframe, halafu ubavuni na miguuni pa kila ukurasa nimeweka ile kalenda ndogo inayokuja na WordPress. Mjumbe mmoja wa bodi anayejua kompyuta ameupitisha ukurasa kwenye kikaguzi cha W3C, zikatoka jumbe 43. Anasema kalenda hizi hazifuati viwango vya HTML na sitalipwa bakaa yangu mpaka kikaguzi kisome sifuri. Kalenda ndiyo mbovu? Niing'oe nitafute nyingine? Orodha nimeiambatanisha. Halafu kuna pengo la ajabu chini ya kalenda kubwa, sijui linatoka wapi."

Marahaba. Usiing'oe kwanza.

Kikaguzi hicho ni chombo cha W3C, shirika la viwango vya wavuti: kinasoma HTML, lugha inayoandikia kurasa, na kutaja palipokosewa. Nimeipitia orodha yako mstari kwa mstari. Kati ya jumbe 43, 24 ni taarifa tu na zote zinasema jambo moja: ule mkwaju wa kufungia kwenye tagi kama meta na link hauna kazi. Mkwaju huo hukuuandika wewe. Umeandikwa na WordPress na mandhari uliyochagua, na ni masalia ya zama za XHTML, ile HTML ya sheria kali ya zamani. Jumbe nane ni maonyo kwamba sifa ya type kwenye script na style haihitajiki tena. Onyo la tisa ni kivuli cha kosa moja nitakalolifikia. Makosa yenyewe ni 10. Kati ya hayo, manne ni picha za kichwani zisizo na alt, na hizo hazina habari na kalenda yoyote. Zijazie maelezo leo hii, ni kazi ya dakika tano.

Tunabaki na sita. Kabla ya kuyagusa, elewa jambo ambalo huenda mjumbe wako hakuliwaza: kikaguzi hakijaiona kabisa Google Calendar.

Iframe ni tundu ukutani. Ukurasa wako ni nyumba yako, na tunduni unaonekana ua wa jirani. Mkaguzi aliyeitwa kukagua nyumba yako hupima tundu: limekaa sawa, fremu yake ni ya kisasa. Haruki ukuta kwenda kuhesabu nyufa za jirani. Kikaguzi kinasoma hati moja tu, ile uliyokipa, na kinaisoma kama ilivyotoka kwenye seva. Kilicho ndani ya iframe ni hati nyingine yenye anwani yake. Ukitaka kujua hali yake, toa anwani iliyo kwenye src uikague peke yake, lakini utakachokikuta huko ni cha Google, na hakuna fundi wa Tanga wala wa California nje ya kampuni hiyo anayeweza kukirekebisha. Kwa hiyo makosa yanayoitwa ya kalenda yote yamo kwenye mistari iliyo mikononi mwako. Hiyo ni habari njema.

Hapa nitoke nje ya swali kidogo, maana utakutana na aina nyingine za kalenda. Zipo zinazoingia kwa skripti: unabandika mstari mmoja wa script, na kalenda inajijenga yenyewe ndani ya kivinjari. Kikaguzi hakiendeshi skripti. Kinaona ule mstari mmoja, kinaridhika, kinakupa sifuri. Miaka kadhaa nyuma niliweka kalenda ya namna hiyo kwenye tovuti ya nyumba ya wageni, ya kupokea maombi ya vyumba. Sifuri ikatoka, nikalipwa, nikaenda zangu. Baadaye mgeni mmoja asiyeona akalalamika kwamba hawezi kuchagua tarehe. Nikafungua zana za msanidi kwenye kivinjari, nikanakili HTML iliyokwisha kujengwa na skripti, nikaibandika kwenye kikaguzi sehemu ya kuandika moja kwa moja. Siku zote zilikuwa div (visanduku visivyo na maana maalum) tupu 42, saba kwa sita, zimepakwa rangi zionekane kama vitufe. Hakukuwa na jedwali, wala kitufe hata kimoja, na kibodi isingeweza kufika popote. Tangu hapo kalenda ya skripti siikagui kwa njia nyingine isipokuwa hiyo ya kunakili kilichozaliwa, kisha naweka kipanya kando na kujaribu kuifikia tarehe kwa kibodi tu.

Sasa turudi kwenye sita zako.

Matatu yamo kwenye mstari wa iframe: sifa ya frameborder, sifa ya scrolling, na width iliyoandikwa 100%. Mbili za mwanzo kikaguzi kinaziita zilizopitwa na wakati, na ni kweli, lakini sikiliza vizuri maana ya neno hilo. Kiwango cha HTML kinamkataza mwandishi wa ukurasa kuzitumia, na papo hapo kinakiagiza kivinjari kiendelee kuzitii, ili kurasa za zamani zisivunjike. Kwa hiyo hakuna mzazi atakayefungua ukurasa ule akakuta kalenda imeharibika kwa sababu ya frameborder. Ni kosa la uandishi tu, kama mtu kuandika "inchi" kwenye "nchi": umeeleweka, ila mwalimu atatia kalamu nyekundu. La tatu ni kwamba width ya iframe inapokea namba kamili ya pikseli bila alama ya asilimia. Asilimia mahali pake ni kwenye CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa.

Mstari wako uandike hivi:

<iframe src="https://calendar.google.com/calendar/embed?src=ANWANI_YA_KALENDA&amp;ctz=Africa%2FDar_es_Salaam&amp;mode=AGENDA" title="Ratiba ya muhula" style="border:0; width:100%; height:600px" loading="lazy"></iframe>

Scrolling nimeiondoa bila kuweka mbadala, na si kwa kusahau. Kikaguzi kinashauri utumie CSS, ila ukweli ni kwamba overflow ukiiweka kwenye iframe kwa nje haizuii kwa uhakika hati ya ndani kusogea. Na kwa nini uizuie? Mzazi mwenye simu ndogo akifungua ratiba ndefu anataka kuisogeza. Yule aliyebuni kuzuia alikuwa akitazama skrini ya mezani.

Alama ya "na" katikati ya anwani nimeiandika kwa kirefu, &amp;. Enzi za XHTML kila alama hiyo iliyoachwa uchi ilikuwa kosa, na anwani moja ya kalenda ingeweza kukuletea matano au sita kwa mpigo. HTML ya sasa imelegeza sheria. Mimi bado naiandika kwa kirefu kwa mazoea. Ctz inataja saa za eneo, ili kikao cha wazazi kisionekane kwa saa za nchi nyingine. Na mode=AGENDA inaonesha matukio kama orodha badala ya vyumba vya mwezi, kwa sababu mwezi mzima ukibanwa kwenye upana wa simu hausomeki.

Makosa mawili yanayofuata ni tagi za kufunga p, yaani aya, zisizo na mwenzake. Hayo ndiyo yanayozaa pengo lako la ajabu. Uliuzungushia iframe div ili itanuke na skrini, kisha div yote ikakaa ndani ya p. Aya haiwezi kubeba div. Kivinjari kikiona div kinaifunga aya papo hapo, bila kukuuliza, na kikifika kwenye ile tagi ya kufunga uliyoiandika mwishoni kinakuta hakuna cha kufunga. Kikikosa cha kufunga, kanuni inakitaka kiunde aya mpya tupu. Aya hiyo tupu haina neno, lakini mandhari yako inaipa nafasi juu na chini kama aya nyingine. Kuna jingine la kuliangalia: WordPress ina tabia ya kuongeza p na br yenyewe pale inapoona mistari imeachana. Weka msimbo wote kwenye bloku ya HTML maalum, sio kwenye bloku ya aya, na pengo litakwisha.

Kosa la sita ni la ile kalenda ndogo. Hii kikaguzi kinaiona kweli, maana inatengenezwa na seva na kuletwa ikiwa HTML kamili ndani ya ukurasa wako. Jedwali lake lina id ya wp-calendar, nawe umeiweka mara mbili, ubavuni na miguuni. Id ni kama namba ya kitambulisho, na ukurasa mmoja hauruhusiwi kuwa na wawili wa namba moja. Lile onyo la tisa ndilo kikaguzi kinakuonesha wa kwanza alikuwa wapi. Ukiiondoa kalenda ya miguuni, kosa na onyo vinakwenda pamoja.

Na hapa nina habari ambayo huenda itakuudhi. Kalenda ile ya WordPress haioneshi mitihani wala likizo. Inaweka viungo kwenye siku ambazo makala zilichapishwa kwenye tovuti, basi. Mzazi akibonyeza tarehe 14 akitegemea kuona siku ya michezo, ataletewa makala uliyoiweka tarehe 14. Kwa tovuti ya shule ningeziondoa zote mbili, na hilo halihusiani kabisa na viwango.

Ila kalenda hiyo hiyo ni mfano mzuri wa jambo ambalo mjumbe wa bodi anapaswa kulisikia kabla hajaifanya sifuri kuwa sharti. Kwa miaka mingi viungo vyake vya mwezi uliopita na ujao vilikaa kwenye tfoot, mguu wa jedwali, na tfoot hiyo iliandikwa kabla ya tbody, mwili wake. Ukimwonesha kijana aliyejifunza HTML juzi atasema aliyeandika alikuwa amelala. Hakuwa amelala. HTML 4.01 ya mwaka 1999 ilidai hivyo hasa: tfoot itangulie tbody, ili kivinjari kiweze kuchora mguu wa jedwali kabla mistari yote haijafika. Kiwango cha leo kinataka tfoot ije baada ya tbody. Mstari ule ule, bila herufi kubadilika, ulikuwa halali ukageuka kosa. WordPress ilivitoa viungo hivyo kwenye jedwali katika toleo la 5.4, Machi 2020, ikavihamishia kwenye nav, tagi ya viungo vya kuelekeza, baada ya jedwali, na id za prev na next zikageuzwa kuwa class, ambayo inaruhusiwa kurudiwa.

Iframe nayo ina historia ya namna hiyo. Katika HTML 4.01 Strict, daraja kali la kiwango, na XHTML 1.0 Strict iliyofuata Januari 2000, iframe haikuwemo kabisa. Ukitaka kupachika kalenda ilibidi ushuke uende Transitional, daraja legevu, na wakati ule kushuka daraja kulikuwa aibu. Sisi tuliokuwa tukibandika kile kibandiko cha "Valid XHTML" chini ya ukurasa tulihangaika na tagi ya object badala ya iframe, kalenda ikatoka na fremu na mistari ya kusogezea tusiyoitaka, ila kibandiko kikabaki. Ujinga mtupu, nakiri. HTML5 ilipopitishwa na W3C tarehe 28 Oktoba 2014, iframe ilikuwa ndani, halali, bila masharti ya daraja. Na tangu makubaliano ya Mei 2019 kati ya W3C na WHATWG, kundi la watengenezaji wa vivinjari, kiwango cha HTML ni kimoja, kinachotunzwa na WHATWG na kuhaririwa mfululizo. Hakina toleo la mwisho. Ukurasa uliosoma sifuri Jumatatu unaweza kutoa onyo mwaka ujao bila wewe kuugusa. Mkataba usemao "sifuri" bila kutaja siku ya ukaguzi unakufunga kwa mlingoti unaotembea.

Simaanishi kwamba mjumbe wako amekosea kudai kazi safi. Amechagua rula fupi tu. Kuna mambo ambayo kikaguzi hakiyasemi na ndiyo yanayomuumiza mtumiaji.

Lililo kubwa ni title ya iframe. Kwenye orodha yako haimo, kwa kuwa HTML haidai iframe iwe na title. Lakini mwongozo wa ufikivu, WCAG, unadai kila kitu cha aina hiyo kiwe na jina ambalo mashine inaweza kulisema. Mtu anayetumia kisomaskrini, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti, kama NVDA au TalkBack, akiifikia iframe isiyo na title anaweza kuambiwa tu kwamba kuna fremu, au akasomewa anwani ndefu ya herufi zisizo na kichwa wala miguu. Kwa title ya maneno matatu anasikia "Ratiba ya muhula" na kuamua kuingia au kupita. Ungeweza kufika sifuri ya mjumbe bila hilo, na mzazi asiyeona angebaki nje.

Na jambo la kumwonesha yeye mwenyewe: WCAG 2.0 na 2.1 zilikuwa na kigezo cha 4.1.1 kilichodai msimbo usiwe na makosa ya muundo kama id zilizorudiwa na tagi zisizofungwa. WCAG 2.2, iliyotolewa Oktoba 2023, imekifuta, kwa kuwa vivinjari vya leo vina kanuni moja ya kushughulikia makosa hayo, na yale yanayomdhuru mtumiaji tayari yanaguswa na vigezo vingine. Id iliyorudiwa inaumiza pale lebo au sifa ya aria (maelezo ya ziada kwa visomaskrini) inapoitegemea, maana itaangukia kwenye ile ya kwanza tu. Kwenye majedwali yako mawili hakuna kinachoitegemea.

Kisha lugha. WordPress ikiwekwa kwa Kiingereza, ukurasa unajitangaza lang="en-US". Matini yako ni Kiswahili. Kisomaskrini kinatii tangazo, na "Jumatano" inatamkwa kama jina la mtalii. Nenda kwenye mipangilio ubadilishe lugha ya tovuti, uhakikishe HTML inatoka na lang="sw". Hilo linahusu hati yako tu, kalenda ndani ya iframe ina lugha yake kwenye hati yake.

Mwisho katika haya, na mimi ndilo nilipendalo: saa. Chini ya iframe weka orodha ya kawaida ya tarehe kubwa za muhula, kwa HTML tupu. Itawafaa wenye bando la kuungaunga, na iframe ikigoma kufunguka ukurasa haubaki na tundu tupu. Kila tarehe iweke kwenye tagi ya time:

<time datetime="2026-01-12T09:00+03:00">Jumatatu, 12 Januari 2026, saa tatu asubuhi</time>

Mtu anasoma saa tatu, mashine inasoma 09:00, wala hakuna anayemsahihisha mwenzake. Kalenda nyingi za kupachika zingeandika 9:00 AM, na mzazi aliyezoea saa ya Kiswahili anaweza kuitazama ile tisa akafika alasiri. Nimeona kikao kikikosa watu kwa namna hiyo. Pembeni weka kiungo cha kalenda ya umma, ile anwani inayoishia basic.ics. Hiyo ni iCalendar, muundo uliowekwa na RFC 5545, waraka wa viwango vya intaneti, mwaka 2009 kuchukua nafasi ya ule wa 1998, na programu za kalenda za simu kwa kawaida zinauelewa, kwa hiyo mzazi anaweza kuiunga ratiba ya shule na kalenda yake mwenyewe.

Kwa bakaa yako, usiende kubishana. Rekebisha makosa 10, kazi ya asubuhi moja. Kagua upya, piga picha ya matokeo yenye tarehe. Kuhusu zile taarifa 24 na maonyo manane, andika mistari miwili ya kueleza kwamba zinatoka kwenye WordPress na mandhari, na kwamba kikaguzi chenyewe hakiziiti makosa. Kuna programu-jalizi zinazojigamba kuzifuta kwa kuchuja HTML yote kabla haijatoka. Sikushauri. Utakuwa umeongeza kitu cha kuharibika kwa ajili ya namba. Kisha mwombe mjumbe akae na wewe dakika kumi, afunge macho, asikilize TalkBack ikisoma ukurasa kabla na baada ya title na lang. Mtu aliyejipa kazi ya kukagua tovuti kwa hiari yake atakuelewa.

Unapokabidhi, angalia pia ni nani atakayehariri. WordPress humruhusu msimamizi na mhariri kuhifadhi iframe, ila mwenye cheo cha mwandishi akifungua makala yake yenye iframe na kuihifadhi, inachujwa kimyakimya. Na kama tovuti ya shule iko kwenye WordPress ya tovuti nyingi kwa pamoja, hata mhariri inamtokea. Anayebaki na ruhusa ni msimamizi mkuu peke yake. Karani wa shule atarekebisha neno moja, kalenda itatoweka, nawe utapigiwa simu kuulizwa kwa nini umeizima kwa sababu ya deni. Bandika nakala ya mstari ule wa iframe kwenye karatasi ya makabidhiano, na uwaandikie ni akaunti ipi itumike kuugusa ukurasa huo.